Onyo ni la Nani?

Ndugu msomaji, wazee wetu wametuachia methali nyingi juu ya onyo, na karibu zote zinamsema yule asiyesikia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Dalili ya mvua ni mawingu. Tulizikariri tangu shule ya msingi, tukaziandikia insha, tukapewa maksi, tukaendelea na maisha. Lakini yapo maswali mawili ambayo methali hizo zinayapita kando. La kwanza: mtu akipewa onyo lisilo na uhakika, ambalo pengine litatimia na pengine halitatimia, anawajibika kiasi gani? La pili, nalo ndilo linaloninyima usingizi: mtu akipewa onyo linalohusu mali ya wenzake, je, onyo hilo ni lake?

Nataka kuyajadili kwa mfano mmoja tu, tena mdogo: kompyuta ya nyumbani ambayo diski yake imeanza kutoa tahadhari. Najua wapo watakaosema, haya ni mambo ya mafundi, yanatafuta nini kwenye jarida la fasihi? Nawaomba wavumilie kidogo. Wengi wetu tunaojikongoja katika uandishi, kazi zetu zimelala humo humo ndani ya hizo kompyuta. Tena sidhani kwamba maadili yanapimwa vitani na mahakamani tu. Mara nyingi yanapimwa nyumbani, asubuhi, mtu akiwa peke yake na hakuna anayemwona.

Tuanze na kifaa chenyewe, maana si haki kuhukumu usichokijua. Ndani ya diski ya kawaida, ile ya kuzunguka, mna sahani moja au zaidi, nyororo kama kioo, zilizopakwa utando wa sumaku. Katika kompyuta nyingi za nyumbani sahani hizo huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu yake kinapita kichwa cha kusomea na kuandikia, nacho hakiigusi sahani. Kinaelea juu yake kwa nafasi ya nanomita chache tu, nafasi ambayo ukiilinganisha na unene wa unywele wa binadamu, unywele ni mlima. Yote uliyoyaandika, barua, hesabu, picha ya harusi, yamegawanywa na kuwekwa katika vijisehemu vinavyoitwa sekta. Sekta ikichakaa, diski inaiacha na kuhamishia kazi yake kwenye sekta ya akiba. Inafanya hivyo kimya kimya. Mwenye kompyuta haambiwi kitu. Inafanana na mama anayesema ameshiba ili watoto wale: ukimtazama kwa juu juu, nyumba haina njaa.

Ndiyo maana wahandisi wakaona diski ifundishwe kusema. Mwaka 1992 kampuni ya IBM ilianza kutumia utaratibu wa diski kutabiri kuharibika kwake katika mitambo yake ya AS/400. Mwaka 1995 kampuni ya Compaq, pamoja na baadhi ya watengenezaji wa diski, ikaleta mpango wake. Kutokana na juhudi hizo ukapatikana utaratibu tulio nao leo, unaojulikana kwa herufi S.M.A.R.T., ambao maana yake ni diski kujipima, kuchambua hali yake na kutoa taarifa. Diski inaweka hesabu: sekta ngapi zimehamishwa, ngapi zinasubiri kuhukumiwa kwa sababu hazisomeki vizuri, imewaka kwa saa ngapi, ina joto kiasi gani, mawasiliano yamekosewa mara ngapi kwenye waya. Kila hesabu ina mpaka wake, na mpaka huo unawekwa na aliyeitengeneza diski. Ukivukwa, tahadhari inatolewa.

Basi siku ya siku unawasha kompyuta. Kabla hata Windows haijaja, kioo kinabaki cheusi na maandishi meupe yanatokea: hali ya diski ni mbaya, nakili vitu vyako, badilisha diski. Chini yake, mstari mwingine: bonyeza F1 kuendelea.

Hebu utafakari mstari huo wa mwisho. Mashine inakupa onyo, na papo hapo inakupa kitufe cha kulipita. Ukibonyeza, Windows inakuja kama kawaida, picha yako ile ile, faili zako zile zile, muziki unalia. Kesho asubuhi unabonyeza tena. Baada ya wiki moja kidole kinajua njia chenyewe, macho hayasomi tena. Nimeona kompyuta katika ofisi moja ya kuchapa barua ambayo mhudumu wake alikuwa akibonyeza F1 huku akimhesabia mteja chenji. Nikamuuliza ile ilikuwa nini. Akanijibu, "Ndivyo inavyowaka hiyo." Onyo lilikwishakuwa tabia ya mashine.

Sasa turudi kwenye swali la kwanza. Mwenye kubonyeza F1 anayo hoja ya kujitetea, tena si hoja dhaifu. Anaweza kusema: tahadhari hizi hazina uhakika. Na kweli hazina. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walitoa utafiti uliotazama diski zaidi ya 100,000 za kampuni hiyo. Walikuta kwamba diski ikipata kosa lake la kwanza katika ukaguzi wa uso wake, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 unakuwa mara 39 ya ule wa diski isiyo na kosa kama hilo. Hiyo inatisha. Lakini walikuta pia kwamba zaidi ya asilimia 36 ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili hata moja kati ya zile walizozichunguza. Zilikufa zikiwa na cheti cha afya njema. Na zipo nyingine zilizoonyesha dalili zikaendelea kufanya kazi muda mrefu.

Kumbe mvua inaweza kunyesha bila mawingu, na mawingu yanaweza kupita bila mvua! Methali yetu imepata pancha. Je, hoja ya bwana F1 imeshinda?

La hasha. Mimi naona amekosea mahali pamoja. Amedhani kwamba wajibu unatokana na uhakika, na kwa kuwa hana uhakika basi hana wajibu. Lakini ni mambo mangapi tunayowajibika nayo bila uhakika? Mama anayempeleka mtoto zahanati usiku kwa sababu ya joto la mwili hana uhakika kama ni malaria. Anachokijua ni vitu viwili: ubaya wa kitakachotokea kama ni malaria na yeye amelala, na udogo wa gharama ya kwenda kupima. Vikiwekwa kwenye mizani, uamuzi unapatikana bila ya uhakika kuitwa kutoa ushahidi. Kunakili faili muhimu ni kazi ya saa moja au mbili na flashi moja. Kupoteza kazi ya miaka mitatu ni kupoteza miaka mitatu.

Na zile diski zinazokufa bila dalili, mimi naona zinamhukumu zaidi kuliko kumtetea. Zinatufundisha kwamba kimya si afya. Anayesubiri onyo ndipo atoe nakala amekwishaikabidhi kazi yake kwa bahati.

Hata hivyo, hebu nimpe bwana F1 haki yake. Kama kompyuta ni yake peke yake, na vilivyomo ni vyake peke yake, akiamua kucheza kamari na vitu vyake, nani wa kumzuia? Tutamwonea huruma, tutamwona mzembe, lakini sijui kama tunaweza kumwita mkosaji. Dereva anayesikia breki zikilia akiwa peke yake kwenye barabara tupu anahatarisha roho yake. Lakini mpe dereva huyo daladala, umjazie abiria mpaka mlangoni. Breki zinalia vile vile, yeye ndiye anayezisikia na kuzielewa, abiria wanapiga soga. Sasa kukaa kwake kimya kumegeuka kuwa kitu kingine kabisa. Hapo ndipo linapoingia swali langu la pili.

Kompyuta ya nyumbani ni daladala, jamani. Watu hawalioni hilo kwa sababu anayekaa mbele ya kibodi ni mmoja.

Nyumbani kwetu Temeke ipo kompyuta moja, ya mtumba, imekaa sebuleni kando ya kabati la vyombo. Mimi ninaandikia humo riwaya. Mdogo wangu wa kike, ambaye yuko kidato cha nne, ameweka humo muhtasari wa masomo yake yote. Mama ni mweka hazina wa kikoba cha kina mama ishirini na wawili. Daftari lao lilipojaa, hesabu za hisa na mikopo zikahamia kwenye kompyuta, mimi nikiwa karani asiye na mshahara. Halafu zimo picha, nyingi mno, za ndugu walio hai na waliotangulia. Tahadhari ilipotokea asubuhi moja, nyumba nzima nilikuwa mimi na paka. Wote waliokuwa na kitu chao ndani ya diski ile walikuwa mbali: Mama sokoni, mdogo wangu shule, wale kina mama ishirini na mmoja wengine kila mtu na shughuli zake. Lakini jicho lililosoma lilikuwa langu.

Niliizima. Diski inayoumwa inachoka zaidi ikizunguka bure, na sikuwa na kifaa cha kunakilia. Jioni, tulipokwisha kula, nikawaambia.

Mama akauliza, "Itakufa lini?"

"Haijulikani, Mama. Pengine leo usiku, pengine mwakani."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi baba, anza na ya wale wenzangu. Yetu yatafuata."

Tulikuwa na flashi moja ya GB 16. Diski inapokuwa katika hali ile, kila faili unayoisoma inaweza kuwa ya mwisho kusomeka, kwa hiyo kila kitu kilihitaji kupewa namba kwenye foleni. Nakiri kwamba moyo wangu ulitaka riwaya itangulie. Kurasa mia mbili na themanini, ndugu msomaji! Lakini maneno ya Mama hayakuwa na mlango wa kutokea. Riwaya ni yangu. Nikiipoteza nitalia mwenyewe. Hesabu za kikoba ni jasho la watu ambao hawakuwepo pale kujitetea, na waliotuamini. Ikaanza faili ya kikoba, ukafuata muhtasari wa mtahiniwa, ndipo riwaya. Zote tatu hazikuchukua hata dakika mbili, maana maandishi ni mepesi ajabu: riwaya yangu nzima ilikuwa ndogo kuliko picha moja iliyopigwa kwa simu.

Ubishi ukaja kwenye picha na video. Zilikuwa zaidi ya GB 40, hazikuenea. Mdogo wangu akataka sherehe za shuleni kwao. Mama akataka arusi ya binamu. Mimi nikauliza, kipi kati ya hivi kipo mahali pengine? Sherehe za shule ziko kwenye simu za wenzake. Arusi anayo shangazi, tena albamu nzima. Filamu na nyimbo zinapatikana popote. Mdogo wangu ndiye aliyesema, "Na za Bibi je, kaka?" Picha za Bibi, zile tulizopiga Rufiji miezi miwili kabla hajafariki, hazikuwa popote duniani ila humo. Zikaingia. Nyingine zikangoja siku ya pili, tukaazima kifaa kikubwa kwa jirani, na diski ikatuvumilia.

Nimesimulia haya ili niseme jambo hili. Kama ningenyamaza asubuhi ile na diski ikafa mchana, hakuna ambaye angejua kwamba niliona. Wote wangesema, "Ah, mashine hizi!" na kunipa pole. Mtu anaweza kupokea pole kwa msiba alioonywa akaupuuza, na pole hiyo ikawa ya wizi. Kwa sheria ya mtaani hana kosa. Ila yeye mwenyewe anajua kwamba kuna saa kadhaa ambazo mali ya wenzake ilikuwa hatarini na habari hiyo alikuwa nayo yeye, ameikalia. Kwa hiyo jibu langu kwa swali la pili ni kwamba onyo si mali ya aliyelisoma. Ni amana. Limepita kwake kwenda kwa wenyewe, kama barua iliyofikia mlango wako kwa sababu jirani hana namba ya nyumba.

Kutoka hapo tunafika kwa fundi. Wiki ile nilimwendea fundi mmoja wa mtaani nikitafuta diski nyingine. Akasikiliza, akatabasamu, akaniambia, "Kaka, hiyo mbona ndogo. Naingia kwenye BIOS nazima hiyo tahadhari, haikusumbui tena. Ukitaka kuipiga mnada ndiyo kabisa, mteja haoni kitu."

Sitaki kumfanya fundi huyu kuwa shetani. Ni kijana mwenzangu, anatafuta riziki, na anawajua wateja wake. Wengi wanaokuja kwake hawalalamiki kwamba diski inaumwa. Wanalalamika kwamba maandishi yanawasumbua. Naye anawauzia walichokiomba. Lakini angalia tulivyoshuka ngazi. Anayebonyeza F1 analipuuza onyo, ila kesho litamrudia. Anayelizima kwenye BIOS amelificha, hata yeye mwenyewe asilione tena. Akiiuza kompyuta hiyo bila kusema, sasa amemficha mtu mwingine, ambaye hakuwahi kupewa nafasi ya kupuuza wala ya kusikia.

Na chini ya hapo ipo ngazi nyingine. Mapema mwaka 2025 huko Ujerumani, chombo cha habari za teknolojia kinachoitwa heise kiliandika juu ya diski za Seagate ambazo wateja walizinunua madukani kama mpya, kumbe zilikwishatumika kwa maelfu ya saa. Hesabu za S.M.A.R.T. zilikuwa zimerudishwa sifuri. Kilichofichua mambo ni kumbukumbu nyingine ya ndani ya diski hizo, iitwayo FARM, ambayo waliozichezea hawakuigusa. Seagate yenyewe ilikana kuwauzia wafanyabiashara diski za namna hiyo. Sasa hapo onyo halikuzimwa tu, limeandikwa upya liseme uongo. Nimeutoa mfano huo makusudi, kwa sababu tuna tabia ya kudhani kwamba ujanja wa aina hii ni wa kwetu, wa wauza mitumba. Kumbe penye mnunuzi asiyeona na muuzaji anayeona, jaribu ni lile lile, uwe Ulaya uwe uswahilini.

Utaniambia, mnunuzi na afumbue macho. Nakubali, lakini afumbue vipi macho ambayo wewe umeyazimia taa? Utaniambia tena, na hapa sauti yako itakuwa na uchungu wa kweli: mwandishi, sisi ni maskini. Kompyuta hii niliinunua kwa kuungaunga, nikisema ina tahadhari nitaambulia nini? Hoja hii siipuuzi hata kidogo, naijua njaa. Lakini tuifuate mpaka mwisho wake. Diski yenye tahadhari si kwamba haiuziki. Unaweza kuiuza kompyuta bila diski, au ukasema wazi, "Diski ina tahadhari, bei ni hii," na mnunuzi akaamua akiwa mtu mzima. Utapata pungufu. Hiyo tofauti kati ya bei ya kweli na bei ya kuficha ndiyo bei ya uongo wako, na anayeilipa ni mwenzako maskini vile vile. Tajiri hanunui kompyuta ya mtumba. Anayeinunua ni mwanafunzi, au mwenye kibanda cha kuchapa barua, au kijana anayetaka kuandika riwaya yake ya kwanza. Umaskini wetu haujapungua. Umehamishwa tu kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, pamoja na machozi juu.

Sasa isije ikaonekana nahubiri maadili bila kazi. Onyo likiwa ni amana, kulifikisha kuna hatua zake, nazo nitazisema kwa lugha ya kawaida.

Kwanza, waambie wote wenye kitu humo. Pili, nakili kabla ya kutengeneza. Watu wengi wakiona tahadhari hukimbilia programu za kukagua na kurekebisha diski, au kuipanga upya. Kazi hizo huichosha diski kuliko kazi nyingine, na mgonjwa anaweza kufia mikononi mwa daktari. Anza na visivyopatikana pengine. Tatu, baada ya kunakili ndipo usome hesabu zenyewe. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo itakuonyesha kwenye Windows, na smartctl kwenye Linux. Tazama namba 5, yaani sekta zilizohamishwa, 197, zinazosubiri hukumu, na 198, zilizoshindikana kusomeka. Hizo zikipanda kila ukitazama, diski inakwenda. Lakini inayopanda ikiwa ni 199 peke yake, usiihukumu diski haraka. Mara nyingi ni waya unaoiunganisha, na waya ni bei ndogo. Tena usilewe na neno "nzuri" lililoandikwa juu. Mpaka uliwekwa na mtengenezaji, na diski yaweza kuwa na sekta mbovu kadhaa na bado ikahesabiwa imefaulu.

Nne, kufomati si dawa. Kunaweza kuzipunguza zile hesabu za sekta zinazosubiri, ukadhani imepona, lakini uchakavu uko pale pale. Tano, diski ikianza kugonga ka-ka-ka, au kompyuta ikawa haiioni kabisa, izime na uwaachie wenye vifaa maalumu. Usiifungue, kwa sababu vumbi usiloliona kwa macho ni jiwe mbele ya kile kichwa kinachoelea. Usiipige makofi, wala usiiweke kwenye friji kama wanavyoshauriana vijiweni. Wenye diski za kisasa zisizozunguka, zile za SSD, wasijione wameokoka: nazo huchoka, na mara nyingine hufa ghafla bila kugonga hodi. Sita, nunua diski nyingine, na ile ya zamani uifute kabisa au uivunje, hesabu za kikoba zisije zikatembea mjini. Mwisho, weka mazoea ya nakala tatu, katika vifaa visivyopungua viwili, moja yake ikiwa nje ya nyumba. Nyumba ikiungua au mwizi akiingia, flashi iliyolala juu ya kompyuta inakwenda na kompyuta.

Yamebaki machache kwa waandishi wenzangu. Kitabu kilichochapishwa, hata kikichomwa kimoja, kingine kiko maktaba, kingine kiko mwembeni kwa mtu kinasomwa. Mswada wa kijana asiyejulikana uko mahali pamoja tu. Ndiyo maana maneno haya yanatuhusu sisi kuliko wanavyohusika waandishi wakubwa. Na msidhani mswada ni wa mwandishi peke yake. Mimi nilisema hapo juu kwamba riwaya yangu ni yangu, nikiipoteza nitalia mwenyewe. Nilipoendelea kufikiri nikaona nusu ya maneno hayo si kweli. Sura ya nne na ya tano zimetokana na mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyefanya ukuli bandarini, ambaye alinikalisha barazani jioni nyingi akinisimulia kazi ile, majina waliyoitana, nyimbo walizovutia kamba. Mzee huyo alizikwa mwaka juzi. Aliponisimulia hakunipa niwe tajiri wa habari zake. Alizipitisha kwangu. Zikifa na diski ile, aliyeibiwa ni yeye na wajukuu zake, wala hawatajua.

Kwa hiyo kila mwenye kuandika anaendesha daladala, hata akijiona yuko peke yake chumbani saa saba za usiku. Abiria wake wengine wamekufa na wengine hawajazaliwa. Wote hao hawakioni kile kioo cheusi. Anayekisoma ni yeye.

Huu ndio msimamo wangu, na sidai kwamba umekamilika. Yuko rafiki yangu anayeshikilia kwamba mtu hawezi kudaiwa kwa onyo ambalo hakuliomba, na kwamba tukienda kwa hesabu zangu, kila anayejua kitu atakuwa mtumwa wa wasiojua. Namwona ana hoja, ila bado hajanishawishi. Kurasa za jarida hili ziko wazi kwake na kwa mwingine yeyote. Na aandike. Ila akimaliza kuandika, kabla hajautuma mswada wake, autolee nakala.